Kichwa kikigongwa: kumhudumia mwenye mtikisiko wa ubongo mpaka arudi darasani, kazini na uwanjani

Mtikisiko wa ubongo hauonekani kwenye picha ya CT. Ndiyo maana mtu aliyeangushwa na boda Bamburi, Mombasa, anaweza kutoka hospitalini na picha safi mkononi, kisha akashinda wiki nzima hawezi kusoma ujumbe kwenye simu bila kichwa kumgonga. Picha ilitafuta damu na ufa wa fuvu, haikuvipata. Kilichovurugika ni utendaji wa chembe za ubongo. Kichwa kinaporushwa ghafla, potasiamu hutoka ndani ya chembe za neva, kalsiamu huingia, na chembe hutumia sukari nyingi kurudisha mambo mahali pake, wakati uleule ambapo damu inayofika kwenye ubongo imepungua. Kwa siku kadhaa ubongo huishi kwa nguvu za kukopa.

Pigo si lazima litue kichwani. Mchezaji anayegongwa begani hadi kichwa kikayumba anaweza kupata mtikisiko vilevile. Wala si lazima azirai: michezoni, chini ya mmoja kati ya kumi hupoteza fahamu. "Hakuzirai, hana kitu" ndiyo kauli inayowarudisha wengi uwanjani wakati mbaya kabisa.

Kazi ni mbili, na zisichanganywe. Ya kwanza ni ya saa chache: kuhakikisha hakuna damu inayovuja ndani ya fuvu wala shingo iliyovunjika. Ya pili ni ya wiki: kumrudisha mtu kwenye shughuli zake kwa ngazi. Hakuna kidonge cha kuponya mtikisiko. Mpango wa kurudi ndio tiba. Mpango huo huharibika kwa njia mbili, ama mtu kupanda pikipiki kesho yake asubuhi, ama kufungiwa chumba cha giza kwa majuma mawili. Zote huchelewesha kupona.

Palepale alipoangukia

Usimwinue. Mazoea ya barabarani ni watu wanne kumshika mikono na miguu na kumtia ndani ya tuktuk, na kwa mtu aliyevunjika mfupa wa shingo hilo laweza kumwachia kupooza. Mmoja apige magoti nyuma ya kichwa, akishike pande zote mbili kwa viganja, akizuie kisigeuke. Muulize kama shingo inauma, kama ana ganzi, kama anaweza kuchezesha vidole vya mikono na miguu. Helmeti iache kichwani maadamu anapumua vizuri. Fungua kioo tu. Akitapika, ageuzwe mwili mzima kwa pamoja, kichwa, mabega na nyonga vikienda sambamba, alale kwa ubavu. Msaada huitwa kwa 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu.

Asimwagiwe maji, asinusishwe kitunguu, na shingo isichuliwe hata na mchuaji hodari. Soda na maji ya sukari vingoje mpaka awe macho kabisa na asiwe anatapika. Nundu huwekewa barafu iliyofungwa kwa kitambaa, dakika 10 hadi 15, bila kukandamiza.

Ukiona moja tu kati ya haya, ni hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku wa manane:

- maumivu ya shingo, au ganzi na udhaifu wa mkono au mguu
- degedege
- kuzirai, au usingizi mzito unaozidi
- kutapika
- kichwa kinachozidi kuuma badala ya kutulia
- kuona vitu viwili viwili, au mboni moja kubwa kuliko nyingine
- fujo, ukali au mkanganyiko unaoongezeka
- damu au maji maji yasiyo na rangi puani au masikioni, weusi kuzunguka macho yote mawili au nyuma ya sikio, au fuvu lililobonyea
- kwa mtoto mchanga: utosi uliovimba, kulia kusikotulizika, kukataa kunyonya

Jihadhari na nafuu ya muda. Mshipa wa damu ukikatika chini ya mfupa wa fuvu, mtu huweza kuzirai kidogo, akaamka, akaongea vizuri, akasema nipelekeni nyumbani, kisha baada ya saa chache akalegea. Kwa wazee mambo huenda polepole zaidi. Bibi aliyeteleza kwenye ngazi za nyumba ya Mji wa Kale, zile za mwinuko mkali, anaweza kuonekana mzima kwa wiki mbili au tatu, huku damu ikikusanyika taratibu. Akianza kuchanganya majina ya wajukuu au kuburuta mguu, usiseme ni uzee. Taja lile anguko.

Uwanjani kocha hana kipimo cha hospitali, lakini ana maswali. Yale yanayotumika duniani yalitokana na kazi ya David Maddocks wa Australia: tuko uwanja gani, hiki ni kipindi cha ngapi, nani alifunga bao la mwisho, mechi iliyopita mlicheza na nani, mlishinda? Kwa mtoto, muulize kama sasa ni kabla au baada ya chakula cha mchana, na mwalimu wake anaitwa nani. Kukosa jibu moja kunatosha kumtoa. Kujibu yote hakumsafishi: kama kichwa kinauma, anayumba, au amekodoa macho kama asiyejua alipo, anatoka, na harudi siku hiyo hata kama dakika kumi baadaye anadai yuko fiti. Tangu msimu wa 2024/25 sheria za soka zinaruhusu mashindano kuweka nafasi ya ziada ya kubadilisha mchezaji aliyeumia kichwa. Waandaaji wa mashindano ya mtaani wakikubaliana hilo kabla ya mechi ya kwanza, kocha hatakuwa na sababu ya kumbakiza mtu aliyegongwa kwa kuogopa kumaliza nafasi zake.

Hospitalini: picha kwa nani

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Kumbuka hilo mkisimamishwa dirishani kuulizwa pesa. Hospitali Kuu ya Pwani, Coast General, ndiyo ya rufaa kwa kaunti, na hospitali kadhaa za binafsi kisiwani zina mashine za CT. Anayetoka Likoni au Mtongwe ahesabu muda wa feri. Mwenye dalili mojawapo ya hapo juu asingoje kupambazuke.

Nenda na karatasi iliyoandikwa: saa aliyoumia, alivyoangukia, alizirai dakika ngapi na nani aliona, ametapika mara ngapi, na dawa anazomeza. Dawa ya kuyeyusha damu kama warfarini hubadilisha uamuzi wote, na mgonjwa aliyegongwa ndiye wa kwanza kuisahau.

Kwa mtu wa miaka 16 na zaidi aliyezirai, aliyesahau tukio au aliyechanganyikiwa, kanuni inayotumiwa sana ni ile ya Kanada. Inaelekeza picha ya CT ikiwa baada ya saa mbili bado hajarudi kwenye akili zake kamili, ikiwa kuna ishara ya fuvu kuvunjika au kubonyea, ametapika mara mbili au zaidi, ana miaka 65 au zaidi, hakumbuki nusu saa au zaidi ya kabla ya ajali, au ajali yenyewe ilikuwa ya nguvu: mpita njia aliyegongwa na gari, abiria aliyerushwa nje, mtu aliyeanguka kutoka juu kupita mita moja hivi au ngazi tano. Anayetumia dawa za kuyeyusha damu hahesabiwi kwa kanuni hii. Yeye hupigwa picha kwa wepesi zaidi.

Kwa watoto madaktari husita zaidi, na husita kwa haki, kwa sababu mionzi ya CT ina madhara makubwa zaidi kwa mwili unaokua. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2009, wenye watoto zaidi ya 42,000, ulitoa vigezo vya kumtambua asiyehitaji picha. Kuanguka kunahesabiwa kukubwa kukizidi sentimita 90 kwa aliye chini ya miaka miwili, na mita moja na nusu kwa mkubwa zaidi. Aliyeanguka kutoka mwembeni yumo humo. Mara nyingi daktari atasema mtoto akae wodini aangaliwe kwa saa nne hadi sita. Huko si kupuuzwa. Huo ni uangalizi, na unaokoa zaidi ya picha iliyopigwa mapema mno.

Picha ya kawaida ya eksirei ya fuvu, kwa maoni yetu, ni pesa iliyopotea katika kesi hizi: fuvu linaweza kuwa zima na damu inavuja chini yake.

Tabibu amwone mgonjwa peke yake angalau dakika moja. Si kila nundu imetokana na ngazi. Mwanamke aliyepigwa nyumbani hatasema mbele ya aliyempiga, na mwenye kupigwa mara kwa mara hatapona mtikisiko akirudishwa palepale. Simu ya 1195 ni ya bure kwa wanaonyanyaswa.

Usiku wa kwanza

Akishapimwa na kuruhusiwa, mwache alale. Kumwamsha kila saa kumpa majaribio ya hesabu kunamnyima usingizi ambao ubongo unauhitaji. Fanya hivyo tu kama daktari ameagiza. Lakini kwa saa 24 za kwanza asibaki peke yake. Anayemlinda alale chumba kimoja naye, amsikie anavyopumua, na amwamshe akisikia mkoromo usio wa kawaida. Pangaboi liendeshwe, maji yawe karibu. Joto la Mombasa peke yake linatosha kumuumiza kichwa mtu mzima wa afya.

Kwa maumivu, parasetamoli. Mtu mzima wa uzito wa kawaida: vidonge viwili vya miligramu 500, si chini ya saa sita kati ya dozi na dozi, visizidi vinane kwa siku. Mtoto hupimiwa kwa uzito, miligramu 15 kwa kila kilo, si zaidi ya mara nne kwa siku. Dawa nyingi za mafua za dukani zina parasetamoli ndani yake, basi soma pakiti kabla ya kuchanganya. Aspirini na ibuprofeni ziachwe siku mbili za kwanza kwa sababu ya hofu ya damu. Tramadoli na vidonge vya usingizi humfanya mtu asinzie, na hapo humjui anayesinzia kwa dawa na anayezama kwa damu.

Pombe hapana. Miraa na muguka vilevile hapana, na hili lisemwe wazi kwa sababu wagonjwa hawaliulizi. Jani hilo hupandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu, hufukuza usingizi, na humfanya mtu ahisi yuko sawa saa ambazo hayuko sawa. Kijana anayetafuna kuanzia alasiri kisha analalamika mwezi mzima kwamba halali na kichwa hakitulii, mwulize hilo kabla ya kumwandikia dawa nyingine.

Siku ya pili na kuendelea

Saa 24 hadi 48 za kwanza ni za kupumzika, lakini si za kitandani tu. Anaweza kuoga, kula na familia, kukaa barazani, kutembea polepole hadi kona ya mtaa. Simu na televisheni zipunguzwe sana kwa siku hizo mbili. Baada ya hapo kutembea kila siku ni sehemu ya tiba. Jaribio la Marekani la 2019 liliwagawa vijana wenye mtikisiko wa michezo makundi mawili: waliofanya mazoezi mepesi ya pumzi, yaani ya kupandisha mapigo ya moyo, walipona kwa wastani wa siku 13, na waliofanya ya kunyoosha viungo tu kwa siku 17.

Kipimo cha kila kitu ni hiki, na kikieleweka na familia nzima nusu ya kazi imekwisha. Kabla ya shughuli, mgonjwa apime maumivu au kizunguzungu chake kwa namba, 0 hadi 10. Tuseme ni 3. Aanze kutembea au kusoma. Namba ikipanda kwa mbili, hadi 5, na ikarudi 3 ndani ya saa moja, hakuna ubaya wowote. Ubongo haukuumia upya, na kesho arudie. Ikipita 5, au ikikawia kushuka zaidi ya saa, asimame, apumzike, na kesho apunguze muda. Asiache kabisa. Wengi huacha kabisa, ndipo hofu ya kusogea inakuwa ugonjwa wa pili.

Tembea alfajiri au baada ya alasiri jua likipungua, bustani ya Mama Ngina au ufukweni ambako hakuna msongamano. Soko la Kongowea na matatu yenye muziki wa kutikisa viti vingoje wiki ya pili. Ukilazimika kusafiri, kaa kiti cha mbele na utazame mbali, si simu.

Swala inahitaji neno lake. Kuinama kwenye rukuu na kuweka paji la uso chini kwenye sujudu huongeza shinikizo kichwani na kuchokoza kizunguzungu, na kwa siku za mwanzo wengi huhisi hapo hapo. Mgonjwa ana ruhusa ya kuswali akiwa amekaa na kuashiria kwa kichwa. Aitumie mpaka kuinama kusimsumbue. Funga ya Ramadhani, pamoja na kukatika kwa usingizi wa daku, huzidisha kichwa kuuma. Mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa baadaye, na wengi husita hadi wasikie hivyo kwa sheikh wao. Mpeleke kwa sheikh na karatasi ya daktari mkononi.

Darasani na chuoni

Masomo hurudi kabla ya michezo, wala mtoto asingoje apone asilimia mia. Nyumbani anaanza kusoma dakika 5 hadi 15 kwa kikao na kuongeza taratibu. Akiweza kazi ya nyumbani ya nusu saa hadi saa nzima kwa kanuni ile ya namba mbili, aende shule nusu siku; kisha siku nzima yenye mapumziko; kisha kawaida. Wengi hukamilisha ndani ya wiki moja hadi mbili.

Barua kwa mwalimu iwe na mambo ya kufanyika, kwa sababu "apumzishwe" haimwambii mwalimu kitu. Iandikwe: akae mbele mbali na dirisha la mwanga mkali, apewe nakala ya maandishi ya ubaoni, maana kuinua macho ubaoni na kuyarudisha daftarini mara mia ndiko kunakomchosha, apumzike dakika 10 kila baada ya dakika 30 au 40, mitihani iahirishwe au iongezwe muda, asicheze mapumzikoni michezo ya kusukumana, akilalamika kichwa, apelekwe mahali kimya bila kuulizwa kama anadanganya.

Chuoni, yaani madrasani, ustadhi ajue mambo mawili. Hifdhi, yaani kuhifadhi Kurani, ipunguzwe, kurasa chache na kusikiliza kwingi kuliko kusoma. Na mtoto asiyumbeyumbe anaposoma. Kule kwenda mbele na nyuma wanakozoea wanafunzi humpandisha kizunguzungu aliyetikisika ubongo. Akae wima, aegemee ukuta.

Uwanjani, kwa ngazi

Mpangilio huu ndio uliokubaliwa na wataalamu waliokutana Amsterdam Oktoba 2022 na kuchapishwa 2023. Kila ngazi ichukue angalau saa 24.

1. Shughuli za kawaida za siku ambazo hazizidishi dalili kupita ile namba mbili.
2. Mazoezi ya pumzi: kwanza mepesi, hadi asilimia 55 hivi ya mapigo ya juu ya moyo, kisha ya wastani, hadi asilimia 70. Mapigo ya juu hukadiriwa kwa 220 kutoa umri. Mwenye miaka 20 ana 200, basi mwanzo asipite 110, baadaye 140. Bila saa ya mkononi, hesabu mapigo ya shingoni kwa sekunde 15: yasizidi 27, kisha yasizidi 35.
3. Mazoezi ya mchezo wake akiwa peke yake: kukimbia, kugeuka, kupiga danadana. Hakuna kupiga mpira kwa kichwa, wala mtu wa kumgonga.
4. Mazoezi na wenzake bila kugusana.
5. Mazoezi kamili.
6. Mechi.

Kati ya ngazi ya tatu na ya nne pana mlango, na ufunguo wake ni daktari. Dalili zote ziwe zimekwisha, hata baada ya kukimbia, na daktari awe ameandika idhini. Dalili zikirudi kwenye ngazi ya nne hadi ya sita, arudi ya tatu mpaka zitoweke tena. Wengi huchukua karibu wiki tatu kumaliza safari hii. Raga ina masharti yake: World Rugby, shirikisho la raga la dunia, kwa wasiocheza kwenye mazingira yenye huduma ya kitaalamu, haikubali mechi kabla ya siku ya 21. Pigo la pili ubongo ukiwa haujapona laweza kuleta uvimbe wa ghafla unaoua. Ni nadra, na wengi wa waliopatwa ni vijana.

Kinachokwenda kombo hapa ni kile kile kila mara. Mchezaji huficha dalili kwa sababu ya nusu fainali. Mpime baada ya kukimbia, si akiwa amekaa. Akiwa amekaa kila mtu amepona.

Kazini

Dereva wa boda, tuktuk au matatu asiendeshe kwa angalau siku mbili, na baada ya hapo mpaka aweze kugeuza kichwa haraka kulia na kushoto bila kizunguzungu. Mgema, fundi wa paa, kuli wa bandarini anayepanda makontena, na mvuvi wa ngalawa wasipande wala kutoka peke yao hadi kizunguzungu kiishe kabisa. Kwa mtu wa kibarua cha siku hili ni gumu, tunajua. Kumtafutia kazi ya chini kwa wiki mbili, kuhesabu mizigo au kuuza madafu badala ya kuyaangua, kunafaa kuliko kumwambia akae nyumbani bila chakula.

Zaidi ya wiki nne

Dalili zikipita wiki nne, acha kusema "bado mtikisiko" na utafute chanzo kimoja kimoja. Kichwa kinachoanzia kisogoni na kuuma ukibonyeza shingo hutoka shingoni. Hapo fiziotherapia husaidia. Kizunguzungu cha sekunde chache ukigeuka kitandani ni chembe za chokaa zilizohama kwenye sikio la ndani, na mtaalamu huzirudisha kwa kugeuza kichwa kwa mpangilio, mara nyingi kwa kikao kimoja au viwili. Anayeona herufi zikiogelea apelekwe kwa daktari wa macho anayejua kupima jinsi macho yanavyokutana yakitazama kitu cha karibu. Kichwa cha kila siku kwa mtu anayemeza dawa za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi huenda kinaletwa na dawa zenyewe.

Hasira, kilio kisicho na sababu, kujitenga: hizi nazo ni dalili. Nyumba nyingi husema ni jini au jicho baya, na kugombana nao hakumsaidii mgonjwa. Asomewe, lakini asifungwe, asipigwe, asifukizwe moshi mzito, na miadi ya kliniki isiachwe. Akitaja kujiua, ni dharura sawa na kutapika.

Kwa kituo kinachotaka kupima, kufunza na kutafiti

Fomu ya SCAT6, ya kumpima mchezaji aliyegongwa kichwa, ni ya saa 72 za kwanza, na haina nguvu baada ya siku ya saba. Kuanzia siku ya tatu hadi ya 30 kliniki hutumia fomu yake, SCOAT6. Watoto wa miaka 8 hadi 12 wana fomu yao. SCAT6 huhesabu dalili 22, kila moja 0 hadi 6, jumla 132, na haifanyiki vizuri chini ya dakika 10. Ina maneno kumi ya kukumbuka, kutaja miezi kwa kurudi nyuma, kusimama kwa mikao mitatu sekunde 20 kila mmoja, na kutembea kisigino kwa kidole mita tatu.

Makosa yanayoharibu namba ni madogo. Mtu hupimwa kwa Kiingereza wiki ya kwanza na kwa Kiswahili ya pili, kisha inasemwa amepona. Lugha iandikwe kwenye fomu na isibadilishwe. Usawa hupimwa juu ya mchanga au kwenye mkeka unaoteleza. Tafuta sakafu ngumu, pekupeku. Mchezaji hupimwa akihema; mpe dakika 15. Maneno kumi yaleyale hurudiwa mpaka timu nzima imeyakariri kwa kusikilizana, badilisha orodha.

Mafunzo ya madereva wa boda stejini yachukue dakika 20, kabla ya saa za abiria wengi, na zaidi ya nusu iwe vitendo: kushika kichwa, kumgeuza mtu kwa pamoja, kukaza mkanda wa helmeti hadi vipite vidole viwili tu kati yake na kidevu. Usiwaahidi kwamba helmeti inazuia mtikisiko. Inapunguza sana kuvunjika fuvu na kuvuja damu; ubongo bado unaweza kutikisika ndani yake. Helmeti iliyokwisha kugongwa kwa nguvu ibadilishwe, hata kama haina ufa.

Utafiti unahitaji idhini ya kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kabla ya fomu ya kwanza kujazwa. Kwa aliye chini ya miaka 18 mzazi atie sahihi na mtoto mwenyewe akubali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, hivyo majina yakae kwenye daftari moja lililofungwa na matokeo kwenye jingine, yakiunganishwa kwa namba tu. Andika umri, jinsia, saa ya kuumia, chanzo, helmeti ilikuwapo na ilifungwa, alizirai au la, mitikisiko ya zamani, na jumla ya dalili kila ziara.

Ziara ziwe siku ya 7, ya 14 na ya 30. Waliopona hawarudi, wanaoumia hurudi, na daftari likiachwa hivyo litaonyesha kwamba karibu hakuna anayepona Mombasa. Chukua namba mbili za simu siku ya kwanza, moja ya mgonjwa na moja ya mama, mke au mwenyekiti wa steji, na asiyekuja mpigie jioni, baada ya magharibi, kwa maswali yaleyale 22.